Kosa la Kutikisa Vitabu

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Nitaogopa nini mimi, mtumishi wa umma mwenye miaka ishirini na sita kazini na faili safi? Ni kwamba kutaja jina la nchi kunahitaji kibali, na kibali changu nilikiomba tangu mavuno ya mwaka juzi, bado kiko mezani kwa mkubwa. Itoshe kusema kwamba ipo, ina bendera, ina mito miwili, na ina Mheshimiwa Mkuu ambaye hajawahi kukosea. Mimi naitwa Mbaruku, karani wa mahakama. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki niliyaandika kwa mkono wangu washtakiwa na mashahidi walipokuwa wakiyasema.

Mambo yalianzia kwenye meza ya magazeti, kona ya Posta. Pale, kila asubuhi, wananchi husimama mikono nyuma, wakasoma vichwa vya habari vya magazeti yote, wakabishana kidogo kuhusu mpira, kisha wakaenda kazini bila kununua hata moja. Muuza magazeti hakasiriki. Ameshawazoea, na siku za upepo huwawekea vijiwe juu ya kurasa ili wasome vizuri.

Siku hiyo msafara wa Mheshimiwa Mkuu ulikuwa mrefu kiasi kwamba, ulipozunguka mzunguko wa Posta, gari la mbele lilikutana na gari la nyuma, likasimama kulipisha. Mheshimiwa Mkuu akashusha kioo. Magazeti yote asubuhi ile yalikuwa yamebeba hotuba yake iliyochukua saa nne na dakika ishirini kuhusu umuhimu wa kusikiliza. Akatoa saa yake mfukoni, akaanza kuwapima wasomaji. Wa kwanza alimtazama kwa sekunde tatu, akahamia kwenye matokeo ya mechi. Wa pili sekunde mbili. Wa tatu alitazama picha yake tu, akapiga mwayo.

"Wananiangalia na kupita," Mheshimiwa Mkuu alimwambia waziri aliyekaa naye, na wanaojua wanasema mdomo wake ulitetemeka. "Wananichagua kama nyanya."

Wiki ile ile ikaundwa Tume ya Kuchunguza Macho ya Wananchi. Tume ilizunguka nchi nzima na kurudi na habari za kusikitisha. Iligundua kwamba wananchi wanapitapita. Dukani mwa vitabu mtu anafungua kitabu katikati, anakinusa, anakirudisha. Kwenye mitumba anapindua lundo zima kisha anaondoka mikono mitupu. Na kwenye mtandao, ripoti ilisema kwa majonzi, raia mmoja alikutwa amefungua kurasa kumi na moja, hakumaliza hata moja, akaishia kuangalia video ya mbuzi aliyevalishwa kofia.

"Taifa lisilomaliza haliwezi kuanza!" akasema Waziri wa Umakini na Ukamilishaji, wizara ambayo ilikuwa imeundwa dakika kumi kabla. Hakuna aliyeelewa, lakini ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi, na hakuna aliyekaa mpaka makofi yalipomalizika kabisa.

Sheria ya Kumaliza ikapitishwa Jumanne. Wabunge waliipitisha bila kuisoma, ambalo halikuwa kosa, kwani ilikuwa bado haijaanza kutumika.

*

Kifungu cha kwanza kilisema hivi: "Mtu yeyote atakayeanza kukitazama kitu, au kukifungua, au kukipapasa, au kukikagua, sharti akimalize." Nakiri kwamba nilikipenda. Mimi ni mtu wa utaratibu; tangu utotoni sipendi mtu anayemega mkate pande zote mbili. Nilikibandika ukutani juu ya meza yangu.

Wakaajiriwa Wakaguzi wa Macho, vijana wenye kofia za njano na saa za michezo shingoni. Sokoni, aliyebonyeza parachichi alilazimika kulila palepale mpaka mkaguzi aone kokwa. Wauza maparachichi walifurahi wiki ya kwanza. Wiki ya pili hapakuwa na mtu aliyesogelea meza zao karibu kuliko hatua tano. Kwenye mitumba, aliyenyanyua nguo sharti aivae na kufunga vifungo vyote. Mlinzi mmoja wa benki, mtu mzima mwenye sharubu, alinyanyua kwa bahati mbaya gauni la harusi. Tulimkuta amesimama katikati ya soko, shela kichwani, ametulia tuli, mkaguzi akihesabu vifungo vya mgongoni.

Majumbani nako kukawa shida. Mgeni akifunguliwa albamu ya harusi alikuwa haruhusiwi kuondoka mpaka afike kwenye picha za kamati ya maandalizi, na zile za watu wasiojulikana wakila pilau. Watu wakaacha kutembeleana, na wizara ikatangaza kwamba uzembe umepungua.

Kwa upande wa mtandao, serikali ilituletea Kivinjari cha Taifa. Vivinjari vya kigeni vilikuwa na kishale cha kurudi nyuma, jambo ambalo Waziri aliliita ukoloni. Chetu kilikuwa na kitufe kimoja tu kilichoandikwa Endelea. Ukifungua ukurasa, huwezi kutoka mpaka ufike chini kabisa na kujibu maswali matatu. Fundi simu mmoja, Bwana Chande, alifungua ule ukurasa wa picha za marafiki ambao kila ukiushusha unaleta picha nyingine. Siku ya tisa mkewe alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Waziri mwenyewe alikwenda kumtembelea na kumvisha Nishani ya Ustahimilivu, daraja la pili. Chande aliipokea bila kuinua macho, na nasikia mpaka leo bado anashusha.

Nisije nikaonekana nasema sheria iliwabana wanyonge tu. Waziri huyohuyo, siku moja mbele ya kamera, alifungua jalada akidhani ni orodha ya vyakula. Kumbe ilikuwa ripoti ya ukaguzi wa wizara yake, kurasa mia nane na kumi na mbili, ambayo tangu nchi ipate uhuru hakuna ya aina yake iliyowahi kufunguliwa. Akalazimika kuisoma kwa sauti. Ukurasa wa mia tatu aliomba maji. Ukurasa wa mia tano aliomba wakili. Tangu siku ile ofisi zote za serikali ziliacha kufungua chochote. Barua zilibaki kwenye bahasha na majalada kwenye kamba, na kazi za umma ziliendelea vizuri kama zamani.

*

Sasa nije kwa Mama Letisia.

Mtaa mzima unamwita hivyo, Mama Letisia, ingawa mtaani hakuna aliyewahi kumwona Letisia. Jina lake mwenyewe ni Asteria, fundi cherehani, mwenye miaka sitini na tisa na jicho moja lenye mtoto wa jicho. Mumewe alikuwa Mwalimu Gaspari, mwalimu wa jiografia, mtu wa vitabu. Mwalimu alisoma kila kilichochapishwa, alichokielewa na asichokielewa, na alama ya kusomea aliweka chochote kilichokuwa karibu. Kwa kitabu alichokuwa anakisoma siku hizo, hata hivyo, alama ilikuwa moja tu. Ilikuwa picha ya mtoto wao. Akimaliza kitabu aliihamishia kwenye kinachofuata, ili kila jioni akifungua aione kwanza.

Mwalimu akafariki. Siku ya kuanua tanga ndugu wakagawana vitu, kama ilivyo desturi. Redio ilikwenda kwa huyu, koti kwa yule, na vitabu vikachukuliwa na shemeji, ambaye hana habari na kusoma. Vyote mia mbili na kumi na vinne akaviuza kwa kilo kwa Kibwana, mwenye duka la vitabu vilivyotumika nyuma ya stendi. Mama Letisia, kwa vile alikuwa bado amekaa kwenye mkeka wa msiba, hakujua. Alipojua, aliuliza njia ya kwenda dukani, kwa sababu picha ile ilikuwa ya pekee. Hakukuwa na nyingine ya mtoto yule duniani.

Alifika dukani Jumatatu.

"Shikamoo, Mama Letisia," Kibwana akamwamkia. "Pole na msiba."

"Nimeshapoa, mwanangu. Shemeji yangu alikuletea vitabu."

"Vile pale, rafu nzima. Unataka kipi?"

"Sijui kipi. Kile alichokuwa anakisoma marehemu. Nataka nivifunguefungue tu, nione kilicho ndani."

Kibwana alimtupia jicho mkaguzi aliyekuwa mlangoni, kijana aitwaye Nyoni, kisha akamwonyesha kibao ukutani: UKIFUNGUA, MALIZA. Chini ya kibao palikuwa na mikeka na mito, kwa ajili ya wateja waliofungua.

"Mama yangu, hakuna tena kufunguafungua," akasema. "Ukifungua kimoja ndiyo umeolewa nacho. Halafu nikwambie ukweli. Tangu sheria hii ije, mteja anaingia hapa mikono mfukoni, anaogopa hata kuegemea. Duka limenishinda. Jumamosi lori la kiwanda cha makaratasi linakuja kuvibeba vyote wakavisage."

"Jumamosi hii?"

"Hii."

Mama Letisia akachukua kilichokuwa karibu, akaketi kwenye mkeka. Kilikuwa Hotuba za Ufunguzi wa Madaraja, Juzuu ya Tatu. Alikisoma kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano jioni, neno kwa neno, Nyoni amesimama juu yake na saa yake. Alifika mwisho, akasoma na anwani ya mpiga chapa kama sheria inavyotaka. Picha haikuwemo. Daraja lenyewe, aliniambia baadaye, halikujengwa.

Alhamisi hakufungua kitu. Alikaa tu kwenye mkeka akaitazama rafu, na Nyoni hakuwa na uhakika kama kutazama rafu ni kosa, akaenda kuuliza ofisini. Ijumaa asubuhi mama alirudi na kanga kuukuu. Akaitandaza sakafuni, akachukua kitabu, akakishika kwa mgongo, kurasa zikining'inia chini, akakitikisa. Hakikutoka kitu. Akachukua kingine. Kikadondosha tiketi ya basi. Akachukua cha tatu, kikadondosha kitana. Alitikisa kumi na tisa kabla Nyoni hajarudi, na Nyoni aliporudi alipuliza filimbi kwa nguvu zote, maana hilo alikuwa na uhakika nalo hata kama hakujua linaitwaje.

Shitaka lililetwa kwangu mchana ule kuandikwa. Nililichapa mwenyewe: "Kutikisa vitabu kwa nia ya kupitapita, kinyume cha Sheria ya Kumaliza." Nikaona limekaa vizuri.

*

Mahakama ya Kumaliza inakaa ghorofa ya kwanza, jengo la zamani la posta. Hakimu wetu ni Mheshimiwa Mbonde. Zamani alisifika kwa kasi. Alikuwa anasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa jalada, anatoa hukumu sita kabla ya chai ya saa nne. Tangu sheria ije alikuwa amemaliza kesi moja kwa miezi minne, na alikonda mpaka joho likawa linamfuata nyuma. Mahakama yetu ina kanuni yake ya ndani pia. Kwa kuwa kila kitu sharti kimalizwe, vielelezo navyo humalizwa. Vinachomwa moto uani siku ya hukumu, mshtakiwa akiachiwa au akifungwa.

Basi Jumamosi asubuhi lori la kiwanda lilipofika kwa Kibwana lilikuta rafu tupu. Vitabu vyote mia mbili na kumi na vinne vilikuwa vimekamatwa kama vielelezo na kurundikwa kortini mbele ya meza yangu, na uani, chini ya dirisha, pipa la kuchomea lilikuwa limeshawekwa tayari. Mama Letisia alipopanda kizimbani aliliona pipa lile. Nilimwona akiliona.

"Unakubali kosa au unakataa?" akauliza hakimu.

"Vitabu nilitikisa, mheshimiwa. Nilifika cha kumi na tisa. Naomba kuendelea na cha ishirini."

"Mama, hilo litakuwa kosa la pili."

"Basi nikishamaliza vyote nifungwe kwa yote mawili."

Mwendesha mashtaka, Bwana Kiswaga, alisimama. Ni kijana msomi, mwenye viatu vinavyolia akitembea, na alikuwa akiiona kesi ile kama ngazi ya kupandia cheo. "Mheshimiwa, mshtakiwa amekiri. Naomba hukumu, na vielelezo viteketezwe."

Hapo ndipo mama yule akasema jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilimtoka tu au alilipanga Alhamisi nzima pale kwenye mkeka.

"Nimekubali kutikisa, mheshimiwa. Sikukubali kosa. Sheria inasema kutazama, kufungua, kupapasa na kukagua. Kutikisa haikutaja. Na kwa nini itaje? Kitabu ukikitikisa hakitoki kitu. Mtu anayetikisa kitabu hajaona chochote. Ni sawa na kukung'uta vumbi."

"Kinatoka!" akasema Kiswaga.

"Hakitoki, mwanangu."

"Mheshimiwa, kutikisa ni njia ya ujanja ya kupitapita! Kilichomo kinatoka chenyewe, na mtu anakiona bila kufungua! Nitathibitisha mbele ya mahakama hii, sasa hivi!"

"Utathibitishaje?" akauliza hakimu, ambaye alikuwa ameanza kuingiwa na wasiwasi. "Nikiruhusu vifunguliwe, Kiswaga, tutavisoma vyote. Nitastaafu hapa."

"Havitafunguliwa, mheshimiwa. Vitatikiswa. Karani! Tikisa!"

Nilimtazama hakimu. Hakimu akaangalia dari, kisha akatikisa kichwa kukubali. Nikaanza.

*

Sijawahi kufanya kazi ya ajabu kama ile. Mwenye joho ametulia, watazamaji wameshika videvu, nami, mtu mzima na tai yangu shingoni, nanyanyua kitabu kimoja kimoja nakitikisa kama mtu anayetoa mchanga kwenye kiatu. Ufugaji wa Sungura kwa Wanaoanza hakikutoa kitu. Kamusi ya Majina ya Samaki kikatoa jani kavu la mpera. "Ona!" akasema Kiswaga, akalibandika namba. Kingine kikatoa kalenda ya mwaka ambao mimi nilikuwa sijaanza kazi. Kingine nusu ya barua ya shule ikimwonya Mwalimu kwa kuchelewa. "Ona! Ona!"

"Hiyo ni takataka tu, mwanangu," akasema Mama Letisia. "Unaita takataka kuona? Hujathibitisha."

Kiswaga akawa mwekundu wa macho. "Endelea, karani! Vyote!"

Nilifika hamsini. Nilifika mia. Bega liliniuma, nikavua koti, jambo ambalo sijawahi kulifanya kortini. Kila nilipochukua kitabu nilimwona mama yule amekamata ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, midomo inamtembea bila sauti. Mimi ni mtumishi wa umma na sina upande. Lakini niseme ukweli, kuanzia kitabu cha mia na thelathini nilikuwa natikisa kwa nguvu kuliko nilivyoagizwa.

Kitabu cha mia na tisini na moja kiliitwa Utengenezaji wa Sabuni Nyumbani. Nilikitikisa mara moja, kikatoa picha. Ikaanguka kifudifudi karibu na kiatu cha Kiswaga.

Mama Letisia hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi.

"Haya sasa!" Kiswaga aliiokota bila kuitazama, mwerevu yule, akapanda nayo moja kwa moja mpaka kwa hakimu. "Picha kamili, mheshimiwa! Imetoka bila kitabu kufunguliwa! Mahakama ijionee yenyewe!"

Hakimu akaipokea, akaitupia jicho. Papo hapo akasimama wima, akakaza mgongo. "Wote simameni," akasema. "Ni picha ya Mheshimiwa Mkuu."

Tukasimama. Kwetu picha ya Mheshimiwa Mkuu haitazamwi mtu akiwa amekaa. Hakimu akatoa heshima kwa kichwa, akamnyooshea Kiswaga picha airudishe. Kiswaga alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

"Mheshimiwa," akasema Mama Letisia, "hujamaliza."

"Nini?"

"Umeanza kuitazama. Maliza."

Nyoni, aliyekuwa pembeni kama shahidi, aliitazama saa yake ya michezo, akameza mate, akasema kwa sauti ya chini, "Sekunde mbili, mheshimiwa." Kijana yule alikuwa mwaminifu kwa kazi yake, sina budi kumsifu.

Hakimu akairudisha picha mbele ya macho. Sheria ilimtaka atazame yote, na ashuhudie kwa sauti.

"Ni picha ya rangi nyeusi na nyeupe," akaanza, nami nikaandika. "Ni ukumbini, hospitali. Mheshimiwa Mkuu bado kijana. Nadhani wakati huo alikuwa Naibu Waziri. Anatembea. Anatabasamu, anaitazama kamera, amepunga mkono. Nyuma yake madaktari wamejipanga mstari, makoti safi." Akahamisha macho. "Kushoto, pembeni kabisa, kuna benchi. Ameketi mtoto wa kike, kama miaka sita. Miguu haifiki chini. Ameshika kikombe. Anamtazama Mheshimiwa Mkuu." Akasogeza picha karibu zaidi. "Kando yake kuna goti la mtu."

"Hilo goti ni langu," akasema Mama Letisia.

"Na huyu mtoto?"

"Ndiye Letisia."

Kiswaga akaanza kusema kwamba inatosha, upande wa mashtaka umeridhika. Hakimu alimwinulia kidole, hakumwangalia.

"Kwa nini yupo hospitali, mama?"

"Homa. Tulifika alfajiri. Wakasema leo kuna mgeni anakuja kukagua wodi, hakuna kutibiwa mpaka apite, madaktari wanatakiwa kwenye mstari. Tukasubiri. Alifika saa tisa. Alipita pale kwa dakika nne."

"Kikombe ni cha nini?"

"Alitaka maji. Bomba lilikuwa ng'ambo, na walinzi hawakuruhusu mtu kukatiza mbele ya mgeni."

"Na baada ya mgeni kupita?"

"Alifariki saa kumi, mheshimiwa. Mpiga picha wa serikali alituletea hii baada ya mazishi. Alisema aliiona alipokuwa anaisafisha, akashindwa kuitupa. Sisi hatukuwa tumempiga mtoto picha. Tulisema akianza shule."

Kalamu yangu ilisimama. Nilitaka kulia, nikachungulia kwenye sheria pale mezani kama kulia kumetajwa. Hakukutajwa, basi nikalia kidogo. Wote tulikuwa bado tumesimama, maana Mheshimiwa Mkuu alikuwa bado yumo pichani akitupungia mkono.

Zikapita dakika nyingi. Hakimu hakuiweka chini. Hatimaye akauliza, na hakuuliza kama hakimu:

"Mama, picha inamalizwaje?"

"Sijui, mheshimiwa," akasema. "Mimi na marehemu tuliianza mwaka ule. Yeye ameenda hajaifikisha mwisho."

*

Kiswaga alitoka mbio kwenda kupiga simu, viatu vikilia ngazi nzima. Simu ile ilipanda kutoka mkubwa hadi mkubwa, na kila mkubwa alipoelezwa kuna nini kwenye picha alikataa kuelezwa mpaka mwisho. Kabla ya saa kumi tangazo likasomwa redioni. Lilisema kwamba, kwa kuwa wananchi sasa wamekomaa kimacho, Sheria ya Kumaliza imefutwa kuanzia sasa hivi, na kila raia yuko huru kutazama na kupita. Mtaani watu walishangilia. Walikimbilia mitumba, wakabonyeza maparachichi, wakafungua vitabu katikati wakavinusa. Mheshimiwa Mkuu alipongezwa kwa kuifuta, kama alivyopongezwa kwa kuileta, na hakuwa amekosea mara zote mbili.

Kesi ikaondolewa. Watu wakatoka. Pipa la kuchomea likarudishwa stoo, na Kibwana akaja na mkokoteni kuchukua vitabu vyake. Mimi nikaandika hati ya kumrudishia mama kielelezo chake, nikagonga muhuri, nikampelekea hakimu ili atoe picha.

Alikuwa bado amesimama palepale, picha mkononi. Nilimkumbusha kwa adabu kwamba sheria haipo tena, kwamba anaruhusiwa kuacha. Akasema anajua, alisikia redio. Mama Letisia alikuwa ameshashuka kizimbani, anamngoja na kanga yake begani. Hakimu akavuta kiti, akamkaribisha akae, naye akakaa kando yake, wakaitazama pamoja.

"Mama," hakimu akauliza, "gauni hili lilikuwa la rangi gani?"

"Njano," akasema Mama Letisia. "Nilimshonea mwenyewe. Nililiacha kubwa, ili alivae na mwaka unaofuata."